Nyutroni na Mkondo wa Pamoja: Jinsi Migongano ya Viini Vizito Inavyopimwa, na Maneno Yafaayo Kuieleza

1. Neno lililopotosha

Makala haya yana shabaha mbili. Ya kwanza ni kueleza, kwa Kiswahili cha kawaida, jinsi wataalamu wa fizikia wanavyopima nyutroni zitokazo katika mgongano wa viini vizito vya atomi, na jinsi wanavyoutambua mwendo wa pamoja ambao chembe hizo huuonyesha. Ya pili ni kuyapima maneno yenyewe. Maana mambo haya hayajazoea kutajwa kwa lugha yetu, na neno likichaguliwa vibaya humpoteza msomaji kabla hajalifikia jambo.

Hili la pili mwandishi alilijua kwa kosa lake mwenyewe. Siku moja huko Kigongo, wilayani Misungwi, alikuwa akiwaeleza vijana wa sekondari habari za migongano hiyo, akasema kwamba nyutroni "hutiririka". Kijana mmoja akauliza, "Mwalimu, zinatiririka kutoka juu wapi kwenda chini wapi?" Swali hilo lilikuwa la haki kabisa. Katika Kiswahili maji hutiririka mteremkoni, machozi hutiririka mashavuni, na jasho hutiririka mgongoni. Kutiririka ni kushuka kwa mfululizo. Lakini viini vigonganapo hakuna mteremko wowote. Kijana alikuwa ameisikia lugha yake vizuri kuliko mwalimu alivyoitumia. Mwenzake akaongeza la pili: "Na kama nyutroni haina chaji ya umeme, ni nani aliyeiona hata akajua imekwenda wapi?" Makala haya ni jibu la maswali hayo mawili, ijapokuwa limechelewa.

2. Kiini cha dhahabu

Tuanze na dhahabu, kwa kuwa ni mali ijulikanayo sana kando ya Ziwa. Mtu avukaye Ghuba ya Mwanza kutoka Kigongo kwenda Busisi, zamani kwa kivuko na tangu Juni 2025 kwa daraja lenye urefu wa kilomita 3 hivi, yumo katika njia iendayo Sengerema na Geita, nchi ya migodi ya dhahabu. Ukiigawa dhahabu hiyo mpaka usiweze kuigawa tena ikabaki dhahabu, utafika kwenye atomi. Na katikati ya atomi mna kiini. Kiini cha dhahabu kina protoni 79, zenye chaji chanya, na nyutroni 118, zisizo na chaji. Jumla ni chembe 197, na chembe hizo za aina mbili kwa jina moja huitwa nyuklioni.

Kiini ni kidogo mno. Viini vya dhahabu bilioni 70 vikipangwa mstari mmoja vyagusana, urefu wake haupati kuzidi milimita 1 hivi. Lakini ingawa ni kidogo, karibu uzito wote wa atomi umo humo. Kama ingewezekana kujaza kijiko cha chai kwa dutu ya viini vitupu, kijiko hicho kingekuwa na uzito wa zaidi ya tani bilioni 1. Msongamano huo ndio tuuitao msongamano wa kawaida wa kiini.

Msomaji ataona kwamba katika dhahabu nyutroni zimezidi protoni. Sababu ni kwamba protoni, zikiwa na chaji za namna moja, husukumana. Nyutroni hazisukumani kwa umeme, bali husaidia kukishikamanisha kiini. Hapo ndipo lizaliwapo swali kubwa la wataalamu: dutu yenye nyutroni nyingi ikibanwa kupita msongamano wake wa kawaida, hupinga kwa nguvu kiasi gani? Swali hili si la udadisi mtupu. Ziko nyota mbinguni ambazo karibu mwili wake wote ni nyutroni, na ukubwa wa nyota hizo unategemea jibu lake. Dutu ya nyota haiwezi kutekwa ikaletwa maabarani. Njia tuliyo nayo hapa duniani ya kuibana dutu ya namna hiyo ni kugonganisha viini vizito kwa kasi kubwa.

3. Makundi mawili ya ng'ombe

Katika maabara ya GSI, iliyoko Darmstadt nchini Ujerumani, viini vya dhahabu huongezwa kasi katika mashine mpaka vifikie karibu kasi 7 katika 10 za nuru, kisha huelekezwa kwenye bati jembamba la dhahabu. Wataalamu huieleza nguvu hiyo kwa kusema ni elektronivolti milioni 400 kwa kila nyuklioni. Viini vingi hupita katikati ya nafasi tupu; vichache hugongana. Mgongano mmoja huisha kwa muda usioweza kufikiriwa: ni sekunde 1 ikigawanywa kwa 1 yenye sifuri 22.

Ili kulielewa litokealo, tufikiri makundi mawili ya ng'ombe katika Usukuma, moja likienda mtoni na jingine likirudi, yanayokutana katika uwanja mmoja kwa mbio. Hayakukutana uso kwa uso kabisa. Moja limeelekea kushoto kidogo na jingine kulia kidogo. Basi ng'ombe walio kandokando hawapambani na mtu; hupita moja kwa moja na kuendelea na safari. Hao twaweza kuwaita watazamaji. Ng'ombe wa katikati hugongana na kusongamana. Hao ndio washiriki. Washiriki waliobanwa hutaka kutoka, lakini kila wakigeuka ubavuni huwakuta watazamaji wanapita, na njia imezibwa. Kitu kimoja tu ndicho chenye njia wazi, nacho ni vumbi: hupanda juu.

Mfano huu hutupa mambo mawili. La kwanza, msukumo wa katikati huwapotosha kidogo hata wapitao kando, kila kundi likaelekea upande wake zaidi kuliko lilivyokusudia. La pili, kilichobanwa hutokea pale pasipozibwa, yaani juu ya uwanja. Katika viini nako ni vivyo hivyo, ila viini haviko ardhini. Kwa hiyo palipo wazi ni juu na chini pia. Hapo mfano wa ng'ombe unakoma, na haifai kuuvuta mbele zaidi.

Uwanja ule ambao makundi mawili yamo ndani yake, katika viini ni bapa: lile bapa lililobeba mstari wa mwendo na mstari uunganishao vitovu vya viini viwili. Tuliite bapa la mgongano. Kila tulisemalo juu ya mkondo lapimwa kwa kulinganisha na bapa hilo.

4. Maana ya mkondo

Sasa turudi kwenye swali la kijana wa kwanza. Kama "mtiririko" haufai, tuseme nini?

Mtu asimamaye ufukweni Kigongo huweza kuyaona magugu maji yakielea ghubani. Ukitazama fungu moja tu, utaona linapanda na kushuka kwa mawimbi, linazunguka, linagongwa na jirani yake, na usingeweza kusema linakwenda wapi. Lakini ukiyatazama mafungu yote kwa muda, waona kwamba pamoja na kuyumba kwake kote, yote yasogea upande mmoja. Kuyumba ni kwa kila fungu peke yake; kusogea ni kwa wote. Kule kusogea ndiko watu wa majini wakuitako mkondo.

Chembe zitokazo katika mgongano nazo zina mienendo miwili kama hiyo. Kila chembe ina mwendo wake wa ovyo utokanao na joto la mgongano, na mwendo huo hauna upande maalumu. Juu yake kuna mwendo mwingine ambao chembe zote hushiriki, kwa sababu zote zimesukumwa na mbano mmoja. Mwendo huo wa pili ndio unaotupa habari za dutu iliyobanwa. Maana laiti nyuklioni zingekuwa zikigongana mbili mbili tu kama gololi, bila kubanana, usingepatikana.

Kwamba mwendo huu upo kweli, na si dhana ya vitabuni tu, kulithibitishwa mwaka 1984 huko Berkeley, California. Wataalamu waligonganisha viini vya kalisiamu kwa kalisiamu, na vya niobiamu kwa niobiamu, kwa elektronivolti milioni 400 kwa kila nyuklioni, wakazunguka mahali pa mgongano kwa kigunduzi kilichoitwa Plastic Ball. Katika niobiamu, iliyo nzito zaidi, chembe zilionekana dhahiri kupotoka kuelekea upande. Katika kalisiamu hazikuonekana hivyo. Sababu yafahamika: ili mbano upatikane, sharti wawepo wa kubanana, na kiini chepesi hakina nyuklioni za kutosha.

Mkondo huo wa kupotoka upande, ndani ya bapa la mgongano, tuuite mkondo wa upande. Ule wa pili, ambao chembe hutoka kwa wingi juu na chini ya bapa, au kinyume chake ndani ya bapa, tuuite mkondo wa duaradufu. Kwa kuwa ukichora idadi ya chembe kila upande, mchoro hauwi duara bali duaradufu. Wataalamu huupa mkondo wa duaradufu namba. Namba ikiwa sifuri, chembe zimetoka sawasawa pande zote. Ikiwa na alama ya kutoa, chembe nyingi zimetoka juu na chini ya bapa. Mathalan, namba ikiwa 0.1 yenye alama ya kutoa, mahali ambapo zingetoka chembe 10 kila upande, zitatoka 8 ndani ya bapa na 12 juu au chini yake.

Yafaa kutaja hapa kwamba hali hugeuka nguvu zikizidi sana. Katika mashine ya RHIC, iliyoanza kazi mwaka 2000 huko Brookhaven, jimboni New York, viini vya dhahabu vilikwenda upesi hata watazamaji walikuwa wamekwisha kupita kabla ya dutu ya katikati haijaanza kutanuka. Njia ya ubavuni haikuzibwa tena, na mkondo wa duaradufu ulionekana ndani ya bapa badala ya juu yake. Kutokana na ukubwa wa mkondo huo, mwaka 2005 wataalamu wa huko walitangaza kwamba dutu waliyoiona haikuwa na tabia ya gesi kama walivyotazamia, bali ya kimiminika kisicho na ukinzani ila kidogo mno.

5. Kulitafuta bapa

Hakuna jicho wala kamera iwezayo kuliona bapa la mgongano. Kila mgongano una bapa lake, na mabapa hayo huelekea kila upande kwa bahati. Basi huwekwaje?

Njia itumikayo zaidi ilielezwa mwaka 1985 na Pawel Danielewicz na Grazyna Odyniec. Huchukuliwa chembe zote zilizogunduliwa katika mgongano mmoja, zile ziendazo mbele na zile zibakizo nyuma, na kila moja huhesabiwa kuwa shahidi wa upande iliopotokea. Ushahidi wa nyuma hugeuzwa kinyume, kisha wote hujumlishwa. Na jumla hiyo huonyesha upande wa bapa.

Lakini katika kazi hii kuna hadhari mbili, na zote mbili zafanana na hekima ya baraza. Ya kwanza ni kwamba mtu hawi shahidi katika kesi yake mwenyewe: chembe ambayo mkondo wake unapimwa huondolewa kwanza kati ya mashahidi, ama sivyo itaonekana daima kuelekea bapa ambalo yenyewe imesaidia kuliweka. Ya pili ni kwamba mashahidi wachache hukosea. Kwa hiyo hugawanywa makundi mawili kwa bahati nasibu, na kila kundi hutoa bapa lake. Tofauti kati ya makundi hayo huonyesha kadiri ya kosa. Maadamu bapa lililokosewa huufanya mkondo uonekane mdogo kuliko ulivyo, wataalamu hurekebisha namba yao kwa kadiri hiyo.

6. Kuishika isiyoshikika

Sasa kwa kijana wa pili. Protoni ni rahisi kuipima, kwani ina chaji: ikipita katika sumaku hupinda, na ikipita katika gesi au plastiki huacha alama njiani. Nyutroni haipindi, wala haiachi alama. Hupenya vitu kama mtu apitaye uani bila kupiga hodi.

Hila ya kuishika ni ile ile iliyotumiwa na James Chadwick alipoigundua huko Cambridge mwaka 1932. Yeye aliona kwamba mionzi isiyo na chaji, itokayo katika metali ya beriliamu, ilizitoa protoni kwa nguvu katika nta. Hakuiona nyutroni, aliziona protoni zilizopigwa nayo, akapima kasi yake, akajua ya kwamba kilichopiga kilikuwa na uzito karibu sawa na wa protoni. Mpaka leo nyutroni haionekani yenyewe. Huonekana kile ilichokigonga.

Kigunduzi kilichofanya kazi hiyo Darmstadt kwa miaka mingi kiliitwa LAND. Kilikuwa ukuta wenye upana wa meta 2, urefu wa kwenda juu meta 2, na unene wa meta 1, uliojengwa kwa mihimili 200. Kila mhimili ulikuwa na urefu wa meta 2, na ndani yake mabati membamba ya chuma yalipangwa kwa zamu na vipande vya plastiki imetayo. Kazi ya chuma ni kuipa nyutroni kitu cha kugonga. Kazi ya plastiki ni kumeta pale chembe zenye chaji, zilizorushwa na mgongo huo wa chuma, zinapoipitia. Mmeto huo husafiri hadi ncha zote mbili za mhimili. Tofauti ya wakati kati ya ncha mbili huonyesha mahali nyutroni ilipogonga. Na wastani wa nyakati hizo huonyesha ilifika lini.

Kwa nini wakati ni muhimu? Kwa sababu nguvu ya nyutroni hujulikana kwa kasi yake, na kasi hujulikana kwa wakati wa safari. Tuseme ukuta uko meta 5 kutoka mahali pa mgongano. Mionzi ya gama, ambayo ni nuru, hufika kwanza, baada ya nanosekunde 17 hivi. Na nanosekunde ni sekunde 1 igawanywapo kwa bilioni 1. Nyutroni yenye elektronivolti milioni 400 hufika baada ya nanosekunde 23. Katika pengo hilo la nanosekunde 6 au 7 ndimo ilimo habari yote. Ndiyo sababu vigunduzi hivi hujengwa ili vipime wakati kwa usahihi mkubwa kuliko nanosekunde 1.

Tena, yapasa kuhakikisha kwamba kilichofika ni nyutroni na si protoni. Mbele ya ukuta huwekwa plastiki nyembamba kuwa kama bawabu. Chembe yenye chaji hupiga hodi kwa bawabu, naye akameta. Nyutroni humpita kimya na kugonga ndani. Kwa hiyo ukuta ukimeta na bawabu amenyamaza, aliyeingia ni nyutroni.

Hata hivyo, wako nyutroni wapotofu. Hawa walitoka upande mwingine, wakagonga sakafu au kuta za jengo, kisha wakarudi kwenye kigunduzi kama kwamba wametoka moja kwa moja. Ili kuwajua, katika majaribio mengi huwekwa nguzo nene ya chuma kati ya mgongano na kigunduzi. Nguzo huwazuia waendao moja kwa moja. Wale watakaoonekana nyuma yake ni wapotofu, na idadi yao hutolewa katika hesabu. Ugumu mwingine ni kutofautisha nyutroni moja iliyogonga mara mbili na nyutroni mbili zilizogonga mara moja moja. Kwa ajili hiyo umeundwa ukuta mpya uitwao NeuLAND, ambao mpango wake ni mihimili 3,000 ya plastiki tupu, isiyo na chuma, kila mmoja mwembamba wa sentimeta 5 kwa 5. Sehemu ya ukuta huo ilipelekwa Japani kwenye maabara ya RIKEN, ikasaidia katika kazi iliyotangazwa mwaka 2023, ambapo kiini cha oksijeni chenye nyuklioni 28 kilitambuliwa kwa kuzishika nyutroni 4 zilizokitoka kwa pamoja.

Huko RHIC ilitumika njia nyingine pia. Meta 18 kutoka mahali pa mgongano, sawa na mwelekeo wa boriti yenyewe, kiliwekwa kigunduzi kidogo kila upande. Sumaku za mashine zilipindisha kila chenye chaji kabla hakijafika hapo. Zilizofika zilikuwa nyutroni tu za watazamaji. Kwa kuzihesabu, wataalamu walijua viini viligongana kwa kina kiasi gani. Na kwa kutazama zimepotokea wapi, walilipata bapa. Hivyo chembe ile ile isiyoshikika imegeuka kuwa shahidi mwaminifu kuliko wote.

7. Kilichopatikana

Mwaka 1993 ilitangazwa kutoka Darmstadt kwamba nyutroni nazo, kama protoni, hutoka kwa wingi juu na chini ya bapa katika mgongano wa dhahabu kwa dhahabu. Lakini jambo lililotafutwa zaidi ni ulinganisho: je, nyutroni husukumwa zaidi ya protoni, au kasoro yake? Ikiwa dutu yenye nyutroni nyingi hupinga sana ikibanwa, nyutroni zitasukumwa nje kwa nguvu zaidi, na mkondo wake wa duaradufu utakuwa mkubwa ukilinganishwa na wa protoni. Ikiwa hupinga kidogo, utakuwa mdogo.

Jaribio la ASY-EOS lilifanywa kwa ajili ya ulinganisho huo mwaka 2011, kwa dhahabu juu ya dhahabu, na ukuta wa LAND ukapima nyutroni na chembe zenye chaji kwa pamoja. Hekima yake ni hiyo: kigunduzi kimoja kikipima vitu viwili, makosa yake mengi huwa sawa kwa vyote viwili, na uwiano wake hubaki safi. Matokeo yalitolewa mwaka 2016. Ukali wa upinzani, ambao wataalamu huuandika kwa herufi L, ulipatikana kuwa elektronivolti milioni 72, kwa kosa la milioni 13 zaidi au pungufu. Na kipimo kilihusu dutu iliyobanwa mpaka kufikia karibu mara 2 ya msongamano wa kawaida. Maana yake ni kwamba dutu hiyo si laini sana wala si ngumu kupita kiasi.

Mwaka uliofuata, tarehe 17 Agosti 2017, vyombo vya Marekani na Italia vilipokea mawimbi ya mvutano kutoka nyota mbili za nyutroni zilizogongana, na darubini zikaona nuru iliyoonyesha kwamba elementi nzito zilikuwa zikizaliwa hapo. Mwaka 2022 wataalamu waliunganisha vipimo vya aina zote mbili, vya nyota na vya viini, wakapata kwamba nyota ya nyutroni yenye tungamo mara 1.4 ya jua ina nusu kipenyo cha kilomita 12 hivi. Yaani upana wa nyota nzima ni sawa na madaraja 8 kama la Kigongo na Busisi yakiunganishwa.

Tena yaaminika kwamba sehemu kubwa ya dhahabu ya ulimwengu ilitokana na migongano ya nyota kama hiyo. Ikiwa ni hivyo, dhahabu ichimbwayo ng'ambo ya ghuba yetu ilizaliwa katika dutu ya nyutroni iliyobanwa. Na leo viini vya dhahabu vinagonganishwa ili vituambie dutu hiyo ilikuwaje.

8. Maneno yanayopendekezwa

Yabaki maneno. Mwandishi hapendekezi kila neno litungwe upya. "Nyutroni", "protoni" na "elektroni" yamekwisha kuvaa sauti za Kiswahili, nayo yaachwe. Yapendekezwayo ni haya:

(a) Mkondo wa pamoja, kwa mwendo ule ambao chembe zote hushiriki. "Mtiririko" hudai mteremko. "Mwelekeo" hutaja upande bila mwendo. "Mkupuo" hutaja wingi utokao mara moja, bila upande. "Mkondo" una mwendo, upande na ushirika; nao tangu zamani umesemwa juu ya maji, juu ya hewa, na hata juu ya njia wapitayo wanyama.

(b) Mkondo wa upande na mkondo wa duaradufu, kwa aina mbili zilizoelezwa.

(c) Bapa la mgongano, kwa kuwa "bapa" limekwisha kukaa katika hesabu zetu.

(d) Washiriki na watazamaji, kwa nyuklioni zigonganazo na zipitazo kando.

(e) Plastiki imetayo, kwa dutu itoayo mmeto ipigwapo na chembe.

Huenda mtu akapinga hili la kwanza, akisema "mkondo wa umeme" umekwisha kuzoeleka, na kwamba msomaji atadhani nyutroni zina chaji. Hoja hii ina uzito. Lakini shule zetu nazo huwa na "mikondo", na hakuna mzazi adhaniye kwamba mtoto wake anasoma ndani ya maji. Neno pana huelezwa na jirani yake. Ndiyo maana "wa pamoja" isiachwe katika maandishi ya sayansi, hata pale ambapo uvivu ungependa kuiacha.

Mtoto wa Misungwi husema Kisukuma nyumbani, husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na akifika sekondari hukutana na fizikia kwa Kiingereza. Katika kila kivuko huhofiwa kwamba maana itazama njiani. Lakini vijana wale wa Kigongo hawakushindwa na fizikia. Waliuliza maswali mawili ambayo maabara kubwa zimejengwa ili kuyajibu, na waliyauliza kwa Kiswahili. Mwandishi aliporudi kwao baadaye na neno "mkondo", aliwaonyesha magugu maji. Yule wa kwanza akatazama kwa muda, kisha akasema, "Kumbe kila moja linacheza lake, lakini wote wanahama." Fasili iliyo fupi na sahihi kuliko hiyo mwandishi hajaiandika bado.